Mgeni Amekwenda, Mwenyeji Yupo

Wanangu mnaoendesha asasi hapa Tanga, nisikilizeni bila haraka. Nimekaa kwenye kamati za vyama tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimechoka, lakini kuwanyamazia ni kuwahini.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ilipofika Julai Mosi, shirika lao la misaada, USAID, likafunga kazi. Nimewaona vijana waliokuwa wakifuatilia wagonjwa majumbani wakirudi na barua za kuachishwa. Nawaonea huruma, maana kazi yao ilikuwa ya haki. Lakini msiba huu kwetu si wa kwanza.

Mwaka 1994 ulianza mradi wa kuhifadhi pwani yetu, Tanga, Muheza hadi Pangani, kwa fedha za Ireland na ushauri wa shirika la uhifadhi la IUCN. Wavuvi walikaa na maofisa wa serikali, wakakubaliana miamba ipi ifungwe samaki wazaliane, wakapanga doria dhidi ya uvuvi wa baruti. Kazi njema kabisa. Mwaka 2007 mradi ukaisha. Boti ya doria haiendi bila mafuta, na mnunuzi wa mafuta alikuwa amekwenda. Baruti zikaendelea kulipuka. Mwamba unaovunjika kwa sekunde moja, mjukuu wako huenda asiuone umepona.

Sasa tazameni chama cha kuzikana cha mtaani kwetu Ngamiani. Hakina ofisi, bango wala gari. Kina sufuria, majamvi, jeneza na daftari. Mtu akifa usiku, asubuhi sanda ipo. Miradi imekuja na kuondoka, chenyewe kipo, kwa sababu kila mwanachama anajua atakufa, na anajua shilingi yake imekwenda wapi.

Hapo ndipo mlipoteleza, wanangu. Andiko la mradi mnalijua kwa moyo, jina la mama mnayemhudumia mnalitafuta kwenye orodha ya mahudhurio. Ripoti inakwenda kwa mfadhili, na kwa Msajili wa asasi zisizo za kiserikali kama inavyotaka sheria yake ya mwaka 2002. Yule mnayemwita mlengwa haioni. Kinacholengwa ni ndege mtini. Binadamu ni mwenye chama.

Sisemi mkatae msaada. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakumwambia mwenyeji alale mpaka mgeni aje. Tozeni ada, hata kama ni shilingi 500 kwa mwezi. Kila miezi mitatu someni daftari barazani, kwa Kiswahili, kilichoingia na kilichotoka, na anayeuliza msimwone mbaya. Kabla ya kupokea boti, ulizaneni nani atanunua mafuta mgeni akiondoka. Jibu likikosekana, chukueni mtumbwi na kasia mnavyoviweza.

Mimi siku yangu ikifika, wale wa daftari watanibeba. Nanyi jengeni kitakachowabeba walio hai. Mwenyezi Mungu awape subira.