Kapu la Mama Mkubwa

Siku Mama Mkubwa alipolileta kapu lake nyumbani Likombe, Mtwara, wanawake wa mtaa walipiga vigelegele. Bajaji ilisimama mlangoni, dereva akashusha sukari kilo 5, mchele kilo 5 na dumu la mafuta la lita 3, vyote vimefungwa pamoja kwa plastiki angavu na utepe mwekundu juu. Mjukuu akapiga picha kwa simu. Mama Mkubwa alisimama kando ya kapu kwa kitenge chake cha Idi, mkono mmoja umelishika kana kwamba litakimbia.

Alikuwa ameshinda, na ameshinda kihalali. Kuponi zake 12 zilipokelewa bila mzozo, zawadi ilikuwepo, wahudumu walimpongeza. Hakutapeliwa na mtu. Ndiyo maana naona kisa chake kinafaa kusimuliwa. Habari za matapeli tunazo tele: ule ujumbe wa simu unaokutaka utume hela kwanza ndipo upokee zawadi, sasa hata mtoto wa darasa la nne anaufuta bila kuusoma mara mbili. Lakini Mama Mkubwa aliahidiwa kitu, akapewa kitu hichohicho, na Februari nyumba yake ikayumba kama ya mtu aliyeibiwa.

Ilianza Novemba. Wakazi wa Mtwara hawahitaji kuelezwa kwa nini maduka hupenda Novemba. Minada ya korosho huanza Oktoba, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa pamoja, uingie mkoani msimu wa 2007, wakulima wa kijiji kizima huweza kulipwa katika wiki ileile. Mama Mkubwa ana mikorosho yake michache upande wa Naliendele, na kwa mwaka mzima hukaanga samaki jioni na kuuza. Fedha ya korosho ndiyo huleta bati, godoro, sare za shule. Duka moja kubwa mjini likatangaza kwa gari la spika: kila risiti ya shilingi 30,000 ina kuponi moja, kuponi 12 zina kapu, mwisho tarehe 31 Januari. Kwenye kila kuponi waliandika: Haba na haba hujaza kibaba.

Methali hiyo ilimuingia moyoni. Tena alikuwa na sababu ya kuiamini, maana maisha yake yote amejenga kwa haba na haba. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kujiuliza kibaba kinachojazwa ni cha nani.

Nyumbani kwake wanakula watu sita, na mahitaji ya dukani, yaani sukari, mafuta, sabuni, chumvi, majani ya chai, unga pale wa nyumbani unapokwisha, humgharimu kama shilingi 90,000 kwa mwezi. Samaki ni wake, mihogo na kisamvu hutoka shamba, ming'oko huletwa na ndugu ikiwa msimu wake. Kwa miezi mitatu ya kampeni, basi, angetumia 270,000 bila kuambiwa na mtu. Hizo ni kuponi 9. Zilibaki 3. Kuponi tatu tu, alijiambia.

Lakini yeye hakuwa mtu wa kununua vya elfu thelathini kwa mkupuo. Alizoea kununua kidogokidogo dukani kwa jirani, kwa Mangi, jina la Kichaga tunalomwita ingawa ni Mmakonde wa Newala. Duka la mjini halikuhesabu hivyo. Risiti ya 29,000 haikuwa na kuponi, na baki ya leo haikuunganishwa na ya kesho. Akifika kaunta na mzigo wa 26,000, binti wa mashine humwambia kwa upole, "Mama, ongeza kitu cha elfu nne tu upate kuponi yako." Na hapohapo, karibu na mkono, pana biskuti za bati, juisi za pakiti, tambi, dawa ya kunukisha chooni. Mama Mkubwa hana choo cha aina hiyo. Aliinunua mara mbili.

Naijua hesabu yote kwa sababu kuponi zilibanwa kwenye risiti kwa pini, na risiti alizitunza zote ndani ya moja ya mabati yale ya biskuti. Mwezi Machi, alipokuja kuniomba elfu hamsini, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimfahamu, niliomba tukae na hizo risiti. Tulikaa kwenye mkeka kuanzia baada ya Alasiri hadi Magharibi, mimi na kalamu nyekundu, yeye akinisomea.

Jumla ya risiti: 381,500. Ukitoa zile 270,000 za kawaida, zimezidi 111,500. Tukatenga vitu ambavyo nyumba ile isingevinunua kamwe, vikafika 78,000. Sukari na sabuni za ziada zilizokuwa bado kabatini tulizithamini 24,000, na hizo sikuzihesabu kuwa hasara kwa kuwa zingeliwa na kutumika. Zilizobaki 9,500 zilikuwa tofauti ya bei tupu: sukari ya mjini ilizidi ya Mangi kwa shilingi 200 kila kilo, mche wa sabuni kwa 300. Kisha nikamuuliza nauli. Hapo alinyamaza kidogo. Alikwenda mjini mara 11, na kwa kuwa hurudi na mzigo, kila safari ilimla 4,000 kwenda na kurudi. Elfu arobaini na nne.

Kapu lenyewe, kwa bei za Mangi, lina thamani ya 45,000.

Alizitazama namba hizo mbili, 44,000 na 45,000, akaniambia, "Mwanangu, kumbe bajaji ndiyo iliyonunua kapu." Ukijumlisha visivyohitajika, tofauti ya bei na nauli, unapata 131,500. Toa thamani ya kapu, imebaki hasara ya 86,500. Na hapo sijagusa riba ya kikoba, maana katikati ya Januari, akiwa na kuponi 9 na siku zinakwisha, alikopa laki moja kwenye kikoba chao ili akamilishe tatu zilizobaki. Mjukuu, yuleyule mpiga picha, alifungua shule kwa malapa.

Nimefikiri sana kwa nini mwanamke anayeweza kugawa samaki mmoja kwa watu sita bila mtu kulalamika alishindwa na karatasi ndogo. Jibu ninaloliona ni kwamba kuponi ilimbadilishia swali. Kila siku ya maisha yake aliingia dukani akijiuliza: nyumbani kumepungua nini? Kuanzia Novemba akawa anajiuliza: kuponi imebakiza ngapi? Swali la kwanza lina mwisho, kwa sababu chupa ya mafuta ikijaa imejaa. La pili linaishia pale mwenye duka anapotaka liishie.

Na ndivyo kuponi ilivyokusudiwa tangu kuzaliwa kwake. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Atlanta, Marekani, Asa Candler alisambaza vikaratasi vya kumpa mtu glasi moja ya Coca-Cola bure. Hakuwa akiwapunguzia gharama watu waliokuwa tayari wanainunua. Alitaka wasioijua waionje, wairudie kwa fedha zao. Sioni dhambi hapo, ni biashara. Kosa ni letu tunapokipokea chombo kilichoundwa ili tununue zaidi tukakitumia kama chombo cha kuweka akiba.

Ipo njia nyingine ya kumrudishia mnunuzi, na ni ya zamani kuliko kikaratasi cha Candler. Mwaka 1844 wafumaji na mafundi wachache wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao la ushirika la unga, siagi, sukari. Faida ya duka waligawana kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Gawio lile lilikuwa fedha, na lilikuwa lao kwa sababu duka lilikuwa lao. Karibu yetu zaidi, mwaka 2014 huduma ya fedha kwa simu ya Tigo Pesa ilianza kuwagawia watumiaji wake Tanzania faida iliyotokana na fedha zao zilizotunzwa benki. Mtu alipata kidogo, pengine cha kununulia vocha, lakini hakulazimika kuongeza matumizi kwa ajili ya utepe mwekundu.

Pointi za kadi nazo nizitaje, maana vijana wetu wanaokwenda Dar na Nairobi hurudi wakizisifia. Pointi ni ahadi, na ahadi huishi umri wa aliyeitoa. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa na kadi yake maarufu ya Smart, na mwaka 2014 ilichukua hata maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Miaka mitatu baadaye rafu zake zilikuwa tupu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifungwe. Aliyekuwa na pointi elfu kumi kwenye pochi alibaki na kipande cha plastiki. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, haikuanguka, lakini mwaka 2022 ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizozidi miaka mitatu zitaanza kufutwa. Mkulima wa korosho aliyewahi kungoja malipo ya pili aliyoahidiwa anaielewa lugha hii kuliko mtu wa mjini: kilicho mkononi ni chako, kilichoandikwa kwenye karatasi ya mwenzako bado ni cha mwenzako. Ukipata pointi, zitumie mapema.

Sisemi tuzichane kuponi zote. Mama Mkubwa mwenyewe mwaka uliofuata alitumia moja, ya punguzo la shilingi 1,500 kwa sabuni ya unga anayoitumia miaka yote, siku aliyokuwa mjini kwa shughuli za benki. Ile ilimfaa: kitu kilikuwa kwenye orodha yake, safari ilikuwa imeshalipiwa na jambo jingine, na baada ya punguzo bei ya kilo ilikuwa chini ya ile ya Likombe. Aligawanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Pakiti mbili na ya tatu bure huweza kuwa ghali kuliko mfuko mmoja usio na maneno yoyote, na hutajua mpaka uulize kilo moja inaangukia shilingi ngapi. Tarehe ya mwisho na kiwango cha chini cha manunuzi huandikwa nyuma kwa herufi ndogo, na asiyeona vizuri aombe asomewe kabla ya kutoa fedha. Na duka likikuahidi zawadi likakunyima, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya malalamiko kama hayo.

Kuna hasara moja ambayo haikuonekana kwenye risiti, na mimi naiona kubwa kuliko 86,500. Kwa miezi mitatu Mama Mkubwa alipita mbele ya duka la Mangi akiwa ndani ya bajaji, mifuko ya mjini mapajani. Mangi ndiye aliyemkopesha unga kila Julai na Agosti, fedha ya korosho ilipokuwa imekwisha na mpya haijaja. Jina la Mama Mkubwa liko kwenye daftari la duka lile kwa miaka mingi, limeandikwa na kukatwa, limeandikwa na kukatwa. Machi alipokwenda kukopa, Mangi alimwambia kwa heshima zote kwamba mtaji umepungua, wateja wa fedha taslimu walikwenda mjini msimu wote, kwa hiyo mwezi huu hakopeshi. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma Mama Mkubwa kuliko lawama. Kutoka pale ndipo alipokuja kwangu.

Walisuluhishana bila maneno mengi. Alirudi kununua kwake, kidogokidogo kama zamani, na Juni daftari likafunguliwa tena. Mama Mkubwa na wanawake wanne wa kikoba walianza pia kuchanga na kununua mchele kwa gunia, wakaugawa kwa mizani barazani kwake. Wanaponunua kwa jumla bei ya kilo hushuka, na ile tofauti huingia kwenye sanduku la kikoba siku hiyohiyo, inahesabiwa mbele ya wote. Bati la biskuti lipo bado. Ndani yake mna penseli, kikokotoo kidogo na orodha ya vilivyopungua nyumbani, ambayo huiandika kabla hajavaa viatu.

Novemba iliyopita nilikuwa nimemtembelea gari la spika lilipopita tena barabarani, muziki juu, sauti ikiahidi kapu kubwa kuliko la mwaka ule. Watoto walikimbilia njiani. Mama Mkubwa aliacha kupaa samaki, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda mpaka ukingo wa barabara na kumpungia kijana wa kipaza sauti asimame.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sukari kwenu kilo shilingi ngapi?"

Kijana alimgeukia dereva. Dereva hakujua.

"Haya, mkijua mpite tena," akasema, akarudi kwenye samaki wake.