Hasira ya Wasomaji juu ya Mwisho wa Hadithi



Nalikuwa Bunda kwa kazi ya usharika, simu yangu ikaharibika, nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi karibu na stendi ya mabasi, ambaye zamani nalimfundisha mafundisho ya kipaimara. Nikaketi kwenye benchi kungoja. Yeye na mwenzake walikuwa wakishindana kwa maneno makali, hata nikadhani ni habari ya fedha au ya mpira. Kumbe wanashindana juu ya hadithi, tena si hadithi mpya, bali hadithi ya picha kutoka Japani iliyokwisha mwezi wa Aprili 2021. Nikamwuliza, "Mwanangu, hasira ya miaka yote hiyo kwa ajili ya kitabu?" Akanijibu, "Mchungaji, nimeifuata tangu nikiwa shule ya msingi. Angewamaliza wote. Alikwisha kufika karibu, kisha akaharibu."

Neno lile, angewamaliza wote, nalirudi nalo Musoma, wala halikuniacha njia nzima. Ndiyo sababu naandika.

Kwanza niwaeleze hadithi yenyewe, maana najua wazee wengi na wainjilisti hawaijui, ijapokuwa watoto wao wanaijua kuliko wanavyoyajua majina ya shangazi zao. Kwa Kijapani huitwa Shingeki no Kyojin, na vijana wetu huiita kwa jina lake la Kiingereza, Attack on Titan. Mtungaji wake ni Hajime Isayama, aliyezaliwa mwaka 1986. Alianza kuitoa gazetini sura moja kila mwezi, Septemba 2009, akiwa na miaka 23 tu, akaikomesha kwa sura ya 139. Watu wanaishi ndani ya kuta ndefu kwa kuyaogopa majitu yalayo watu. Siku moja ukuta unavunjwa, na mtoto aitwaye Eren anamwona mama yake akiliwa. Anaapa kuyaangamiza majitu yote, asibakize hata moja. Hata alipokua akagundua kwamba majitu yale ni watu, jamaa wa kabila lake mwenyewe waliogeuzwa, na kwamba ng'ambo ya bahari yako mataifa yanayolichukia kabila hilo kwa makosa ya mababu. Ndipo kiapo cha utoto kilipohama: kikatoka kwa majitu kikawaangukia watu wa ng'ambo. Akayaamsha majitu makubwa yaliyofichwa katika kuta, yakaikanyaga dunia, na watu wanane katika kila kumi wakafa. Waliomzuia ni rafiki zake wenyewe, na aliyemwua ni Mikasa, aliyempenda tangu wakiwa watoto.

Sura hiyo ya mwisho ilipotoka, wasomaji wa nchi nyingi waliwaka. Nami nikiwasikiliza vijana wetu naona hasira zao ni mbili, wala hazifanani hata kidogo, ijapokuwa wote husema maneno yale yale, kwamba mwisho ni mbaya.

Hasira moja ni ya Armin, rafiki wa Eren, kumshukuru kwa kuwa alijifanya mwuaji kwa ajili yao. Wasomaji hawa wakasema, Je, mtu hushukuriwa kwa damu ya mataifa? Neno hili sina haja ya kulirefusha, maana naona walikuwa na haki, na mtungaji mwenyewe nadhani aliliona. Hadithi ilipomalizika katika filamu, Novemba 2023, mazungumzo yale yalikuwa yamegeuzwa: Armin hashukuru tena, bali anaikubali hatia kuwa ni yao wawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwonyesha Eren ndoto ya nchi za ng'ambo. Wako watu wasemao kwamba msomaji kazi yake ni kupokea na kunyamaza. Mimi sisadiki hivyo. Aliyelia pamoja na watu wa hadithi kwa miaka kumi na zaidi amepata haki ya kusema, "Hapa umesema uongo juu yao."

Tena jambo hili si geni. Mwaka 1893 Conan Doyle wa Uingereza alimwua Sherlock Holmes katika hadithi, wasomaji wakanung'unika miaka hata akamrudisha hai mwaka 1903. Nasi tulio makatekista na wachungaji tunajua kwamba katika nakala mbili za kale sana Injili ya Marko inakoma pale wanawake wanapolikimbia kaburi kwa hofu. Mistari inayofuata haimo, na wataalamu wengi husema iliongezwa baadaye. Basi hata wasomaji wa karne za kwanza walikuwapo walioshindwa kuuvumilia mwisho wa namna hiyo.

Lakini hasira ya pili ndiyo ya yule fundi wa Bunda. Hawa walimwona Eren mtu hodari, wakamfuata mwezi kwa mwezi, na katika sura ya mwisho wanamkuta analia mbele ya rafiki yake kama mtoto, akisema kwamba hataki kufa wala hataki Mikasa ampende mwanamume mwingine. Wakaona wameaibishwa wao. Na mauaji yale? Hayo hayakuwaudhi. Kilichowaudhi ni kwamba hayakutimia.

Nikajiuliza, mbona hatukasiriki hivi juu ya hadithi zetu za kale? Fumo Liyongo, shujaa wa pwani, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913, aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe aliyedanganywa kwa ahadi za mfalme. Alikufa amepiga goti, upinde mkononi, karibu na kisima, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwisho mchungu kuliko huu ni upi? Wala sijasikia mtu wa Lamu akidai Liyongo angeshinda. Nadhani sababu ni hii: hadithi ya Liyongo humfikia mtoto ikiwa imekwisha. Bibi huisimulia jioni moja, na kifo kimo ndani yake tangu mwanzo, kama kokwa ndani ya embe. Hadithi ya kila mwezi si hivyo. Kati ya sura na sura msomaji hukaa siku thelathini peke yake na hasira ya shujaa, naye huijaza kwa hasira zake mwenyewe. Mtoto aliyeonewa shuleni, kijana aliyenyimwa kazi, kila mmoja alimpa Eren deni lake amlipie. Siku Eren alipolia, madeni yale yote yalirudi kwa wenyewe.

Na hapa kwetu Mara neno kumaliza lina uzito wake. Sisi tumezaliwa kati ya watu waliohesabu ng'ombe walioibwa na vijana waliouawa wakiwafuata. Tumewasikia wazee wakisema, tukiwapiga safari hii hawatarudi. Walirudi. Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari, ukatoka mwaka 1963. Wengi wameusoma shuleni, lakini sijui kama waliliangalia hili: mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya jalada anauawa katika sehemu ya tatu, na mchezo una sehemu tano. Waliomchoma walidhani wamemaliza neno, kumbe karibu nusu ya mchezo ilikuwa bado.

Nalimweleza yule fundi habari hizi nilipopita tena Bunda, lakini hakuwa mtu wa kunyamazishwa upesi. Akanionyesha katika simu yake kurasa chache ambazo Isayama aliziongeza mwezi wa Juni 2021, katika kitabu cha 34, kilicho cha mwisho. Mti umeota penye kaburi la Eren, miaka imepita, mji umekua, na kisha vita vinakuja juu ya nchi ile ile na kuubomoa. "Unaona, Mchungaji?" akasema. "Aliwabakiza wawili katika kumi, na watoto wao wamerudi. Angemaliza, haya yasingekuwapo."

Hoja hii ni ya nguvu, nami sitaki kuwadanganya kwamba nalikuwa na jibu mdomoni. Nalikaa kitambo nikitazama picha ile ya mti. Kisha nikamwuliza, "Kabla adui hawajaisha, watu wa Eren walikuwa wakipigana na nani?" Akafikiri. Akasema, "Wao kwa wao." Ndivyo ilivyo: bandarini, hali dunia ingali ikikanyagwa, waliomwunga mkono Eren na waliompinga, watu wa kabila moja, tena wengine waliolala bweni moja, waliuana. Nikamwambia, hata kule Tarime, Wakurya kwa Wakurya, wenye lugha moja na mila moja, koo zao zimepigana zaidi ya mara moja. Ukimaliza wa ng'ambo, watakuwapo wa mtaa wa pili. Hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Hilo sikulifikiri," akaendelea kufungua skrubu za simu ya mtu.

Nami nakiri kwamba namhurumia Isayama. Novemba 2022 alisimama mbele ya wasomaji wake New York akauzungumzia mwisho ule kwa uchungu, na baadaye alieleza kwamba alikuwa ameuwaza angali kijana, ukawa kama kifungo alichoshindwa kutoka. Kijana wa miaka 23 aliweka nadhiri, na mtu wa miaka 34 akailipa. Yefta wa kitabu cha Waamuzi angemwelewa.

Wakati wa kuondoka fundi aliniuliza mimi ningeimalizaje. Nikasema nitafikiri, na mpaka leo nafikiri. Yeye sasa anasoma nyingine, One Piece, iliyoanza mwaka 1997, kabla hajazaliwa. Nikamwuliza kama haogopi mwisho wake. Akacheka, akasema, "Mchungaji, hiyo nimeshaanza kuikasirikia mapema."