Tusijidanganye, uraka nao ni khamri

 

Ndugu Waislamu, wengi wetu hapa Dar es Salaam tukisikia Mabibo tunafikiria hosteli za chuo na foleni za daladala. Ukifika Masasi, pande za Lukuledi, kati ya Oktoba na Desemba, utayakuta mabibo yenyewe. Ni tunda jekundu na la njano lililotapakaa chini ya mikorosho, na harufu yake unaipata kabla hujaziona nyumba. Mkulima hukonyoa korosho akaipeleka ghalani. Bibo, ambalo kwa uzito huizidi korosho yake mara kadhaa, hubaki shambani. Mengine huliwa, mengine huoza, na mengi hutwangwa na kukamuliwa. Asubuhi maji yake ni juisi tamu yenye ukakasi. Kwa joto la kule, jioni yameanza kutoa povu, na kesho yake yanalevya. Huo ndio uraka. Wakiupika na kuukinga mvuke wake wanapata nipa, ambayo ni gongo tu kwa jina la kusini.

Nilipokuwa huko nilisikia hoja ambayo haikutoka kwa walevi, bali kwa watu wenye kuswali. Wanasema khamri iliyokatazwa ni mvinyo wa zabibu, na bia na konyagi za dukani zimeunganishwa humo. Uraka, wanasema, ni maji ya tunda, hayakutiwa hamira wala sukari, yamechacha yenyewe kwa kudra ya Mungu.

Hoja hii ina ladha, lakini haina miguu. Anas bin Malik (r.a.) ndiye aliyekuwa akiwamiminia watu kinywaji nyumbani kwa Abu Talha siku mpiga mbiu alipopita Madina kutangaza kuwa khamri imeharamishwa. Kinywaji kile hakikuwa cha zabibu. Kilikuwa fadhikh, maji ya tende yaliyochacha, yaani tunda la palepale kijijini kwao, kama bibo lilivyo kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde. Hawakukaa kujadili jina. Walikimwaga, kikatiririka vichochoroni. Naye Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya pombe za kwao Yemen, moja ya asali na nyingine ya shayiri, alijibiwa kuwa kila chenye kulevya ni haramu. Sayyidna Umar (r.a.) akasema juu ya mimbari kuwa khamri ni kile kinachoifunika akili. Basi muulize mnywaji wa uraka kama akili yake ilibaki wazi usiku wa jana.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili. Juisi ya mabibo iliyokamuliwa sasa hivi ni halali, na ina vitamini C kuliko chungwa. Katika Surat an-Nahl, aya ya 67, Allah (s.w.) anataja matunda ya mitende na mizabibu, kwamba watu huyafanya kileo na pia riziki njema. Mti ni uleule. Mtume (s.a.w.) mwenyewe akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku ile na zilizofuata, na ikifika jioni ya tatu yaliyobaki yakimwagwa. Kwa bibo siku tatu ni nyingi mno. Kipimo ni kulevya, si kalenda.

Sasa nije kwenye lililonikera zaidi. Mama mmoja mjane, Muislamu, mwenye mapipa mawili ya uraka uani, nilipomkumbusha Hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri, akiwemo mkamuaji, muuzaji na mla thamani yake, hakubisha. Alisema: "Najua, mwanangu. Korosho ni za shemeji zangu, mimi nimeachiwa mabibo. Na fedha za uraka zilinunua sare za wanangu. Nyinyi mashekhe wa mjini mkija mnatuhutubia, mkiondoka mnabeba korosho."

Sikuihalalisha biashara yake, wala siwezi. Ila nauliza, hao shemeji waliochukua mikorosho ya marehemu, hukumu ya mirathi katika Surat an-Nisaa waliisoma? Mjane mwenye watoto ana thumuni yake, na watoto wana fungu lao kubwa kuliko la ami zao. Wakiwamo watoto wa kiume, ami hawana kitu. Tunaona pipa la uraka, hatuoni shamba lililoporwa lililozaa lile pipa. Khatibu anayekemea uraka Ijumaa na kunyamazia mirathi amekemea nusu.

Na bibo lina matumizi mengine. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ambacho kinajulikana kwa kazi yake ya korosho, kimeshughulikia pia usindikaji wa mabibo kuwa juisi na jemu. Kukausha kunawezekana kwa jua tu. Kochoko, yaani mabibo makavu, wenyeji wanayajua zamani, tatizo ni kwamba mengi nayo huishia kurowekwa kwa ajili ya nipa. Mashine ya kukamulia, chujio, masufuria ya kuchemshia na chupa safi si mali ya kutisha jamaa wa Kariakoo.

Wafanyabiashara wetu wa korosho wasiseme zao hili halina zaka. Ni kweli kwa madhehebu ya Imam Shafi'i mkulima hatoi zaka ya korosho, lakini aliyenunua ili auze anadaiwa zaka ya biashara, 2.5 katika 100, mwaka ukitimia. Mafukara na maskini wametajwa mwanzo katika aya ya 60 ya Surat at-Tawba, na wajane wa Lukuledi wanaotaka kuachana na uraka wamo. Vifaa hivyo vikinunuliwa, viwe vimefika kabla ya Oktoba. Mabibo yakishaanza kudondoka hayamngoji mtu.