Nyumba Yenye Mabaka

Masika hayako mbali, na kati yetu wapo wenye nyumba za kupangisha. Wapo wastaafu waliomalizia kiinua mgongo chao kwenye vyumba sita vya Mbagala au Tandika hapa Dar es Salaam, na wapo wajane ambao kodi ya vyumba hivyo ndiyo ada ya shule ya watoto. Wengi wananiuliza wakarabati vipi kwa pesa kidogo. Nawapeleka Walawi 14, kuanzia mstari wa 33, mahali ambapo sisi wahubiri hatukai sana.

Sheria ile inahusu nyumba iliyoota mabaka ya kijani au mekundu yaliyozama ukutani. Mwenye nyumba anakwenda kumweleza kuhani. Kuhani, kabla hajaingia, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Anatazama, anaifunga nyumba siku 7, kisha anarudi kutazama tena. Mabaka yakiwa yameenea, mawe yaliyougua yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa kwa ndani, yanatiwa mawe mengine na kupigwa lipu upya. Kubomoa kunakuja mwisho kabisa, ugonjwa ukirudi baada ya kazi yote hiyo. Mimi naona huruma katika utaratibu huu. Mungu anajali mfuko wa mwenye mali, na anajali hata vyungu vya nyumba ile.

Sisi tunaanzia kwenye rangi. Chumba kikiachwa wazi tu, ndoo ya rangi imeshanunuliwa, na ukuta unaomeguka chini unapakwa hivyo hivyo, mara nyingi rangi ya mafuta ili ung'ae. Hapa pwani tunasema ukuta umeliwa na chumvi, na ni kweli. Maji ya ardhini hupanda ukutani yakibeba chumvi. Yakikauka, chumvi inabaki, inaganda na kuisukuma lipu itoke. Rangi ya mafuta inayazuia maji yasipumue, kwa hiyo yanapanda juu zaidi. Baada ya mvua moja umetupa ndoo nzima.

Njia ya Walawi ni nafuu. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi: pengine ni bomba la bafuni linalovuja ndani ya ukuta, pengine udongo uliorundikwa nje ukapita msingi, pengine bati halina mfereji na maji yanamwagikia ukutani. Zuia hapo. Kisha bandua lipu iliyooza mpaka kupita alama ya unyevu, acha ukuta ukauke vizuri, upige lipu kwa mchanga safi wa mtoni, usio wa ufukweni. Rangi ije mwisho. Juu nako, kabla ya kuwaza mabati mapya, mpandishe fundi akague misumari. Raba zake hukakamaa kwa jua na kupasuka, na msumari uliopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni ni mlango wa maji. Kubadilisha misumari na kuziba matundu ni gharama ndogo mno kuliko dari lililoanguka. Marumaru na jipsamu zinaweza kusubiri mwaka mwingine. Sakafu ya saruji isiyopasuka haimdhulumu mtu.

Lakini kuna mahali ambapo kubana matumizi ni dhambi, nami siwezi kulisema hilo kwa upole. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo kwenye paa lake, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Ukingo wetu leo ni mfuniko imara wa shimo la choo ambako watoto wanacheza, na nyaya za umeme zisizo na viraka. Hapo usitafute cha bei rahisi. Na Yeremia 22 inamlilia ole mfalme Yehoyakimu, aliyejenga jumba kwa mierezi na kulipaka rangi nyekundu huku akiwatumikisha watu bila ujira. Fundi anayezungushwa wiki baada ya wiki kwa pesa aliyoitolea jasho amemkopesha mwenye nyumba bila kuulizwa. Kama fedha haitoshi, karabati chumba kimoja na umlipe fundi akimaliza.

Jambo moja katika sura ile ya Walawi linanigusa zaidi. Aliyeyaona mabaka mapema alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, maana aliishi humo. Nyumba zetu hatulali ndani yake. Anayejua bati linapovuja ni dada yule anayesogeza kitanda usiku na kukinga beseni, naye hasemi, kwa sababu aliyesema kabla yake alijibiwa kwa kupandishiwa kodi au kuambiwa ahame. Basi tatizo la koki moja linanyamaziwa mpaka linakuwa tatizo la ukuta mzima, na hasara inarudi kwa mwenye nyumba aliyemtisha.

Wiki hii, kabla ya kwenda dukani, nenda ukabishe hodi kwa wapangaji wako, chumba kwa chumba. Waulize maji yanaingilia wapi na swichi ipi inatoa cheche. Waahidi kwamba kodi haitapanda kwa sababu wamesema, na uitimize ahadi hiyo. Ukipanga siku ya kazi, waarifu mapema watoe vyombo vyao, na uwatafutie turubai la kuvifunika.