Ramadhani, siku ya 13: Farasi wa Nabii Sulayman na Landrover ya Ustadhi



Natumaini mmekula daku na mmeswali Alfajiri kwa jamaa. Huku Njombe mjini ukungu wa leo ni ule wa kutomwona hata jirani, na mvua bado haijaamua kama inaacha au inaendelea. Ndugu zetu wa Makambako nasikia mmepata kijua. Alhamdulillah.

Juzi baada ya Tarawehe ndugu yetu mmoja alinivuta pembeni. Kapata Landrover 109, ya zamani ile ya bodi ya kukunja, mwenye nayo anauza, pesa anayo kutokana na parachichi. Mkewe anakataa. Anasema, "Hilo gari unaleta wezi nyumbani." Sasa anauliza: ustadhi, dini inasemaje? Nilicheka, maana mnajua wote ustadhi anaendesha nini. Nikamwambia nitamjibu hapa kwenye chaneli, kwa sababu jibu ni refu na ndani yake kuna aibu yangu mwenyewe ambayo wengine wenu mnaijua nusu.

Tuanze na kupenda. Je, ni dhambi mtu kupenda gari zuri? Hapana. Katika Suratun Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anawataja farasi, nyumbu na punda, na anaeleza kazi yao mbili: kupandwa, na kuwa pambo. Pambo, ndugu zangu. Hakusema usafiri tu. Kisha anaongeza kwamba anaumba na tusivyovijua, na masheikh wetu wengi wakifika hapo hutaja magari, treni na ndege. Kwa hiyo mtu anayeosha gari lake Jumamosi, akasimama mbali kidogo akaliangalia, huyo hajatoka kwenye dini.

Lakini kuna farasi wengine kwenye Qur'an. Suratu Sad, kuanzia aya ya 31. Nabii Sulayman, amani iwe juu yake, alionyeshwa jioni farasi wazuri wenye mbio, akashughulika nao mpaka wakafichika machoni, au kama wafasiri wengi walivyosema, mpaka jua likafichika na ibada ya jioni ikampita. Akaamuru warudishwe. Hapo wafasiri wamegawanyika: wako waliosema aliwachinja akawatoa kwa ajili ya Allah, wako waliosema aliwapangusa tu miguu na shingo kwa mapenzi. Siingii kwenye mgawanyiko huo. Ninachotaka mkione ni kwamba Nabii, tena mfalme, alijikuta anatazama kipando chake wakati wa ibada.

Mimi si Nabii. Mimi ni mwalimu wa madrasa mwenye diploma ya ualimu na Landrover.

Niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu wa upande wa Lupembe. Nia yangu ilikuwa safi, naisema mbele ya Allah: kufika kwenye madrasa za vijijini wakati wa masika, na kubeba jeneza pale ambapo gari dogo halifiki. Hiyo 109 ni inchi, umbali wa kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Gari hizi zilianza kuonyeshwa mwaka 1948, Uingereza ikiwa imetoka vitani na chuma ni cha shida, ndiyo maana bodi yake ni ya alumini. Kumbukeni hilo la alumini, nitalirudia. Na dizeli yake ni rahisi kiasi kwamba hata betri ikiwa imekufa, ukiisukuma kwenye mteremko inawaka. Sifa nzuri sana ukiwa porini. Ukiwa msikitini umeiacha nje, ni sifa mbaya sana, kwa sababu anayeweza kuiwasha kwa kusukuma si wewe peke yako.

Miezi ya kwanza haikuwa na shida. Halafu Oktoba 2024 kule Arusha likafanyika tamasha la Landrover, zikapita barabarani kwa mamia, picha zikajaa kwenye simu. Baada ya hapo nikisimama Makambako kununua vitunguu, watu wanakuja kugusa boneti. Mmoja anataja bei. Mwingine anapiga picha namba. Nami, Allah anisamehe, nilifurahi. Nilianza kuegesha mahali panapoonekana.

Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, aliwagawa farasi mafungu matatu kwa mujibu wa mwenye nao. Kuna ambaye farasi wake ni malipo, amemfuga kwa njia ya Allah, hata nyayo zake na majani anayokula vinaandikwa mema. Kuna ambaye ni sitara, amemfuga asiombe watu, wala hasahau haki ya Allah iliyomo. Na kuna ambaye farasi wake ni mzigo wa dhambi, amemfuga kwa fahari na kujionyesha. Tazameni, farasi ni yule yule. Mimi Landrover yangu ilihama kutoka fungu la kwanza kwenda la tatu bila hata kubadilishwa oili.

Sasa aibu yenyewe. Ramadhani iliyopita, usiku mmoja wa kumi la kwanza, tulikuwa Makambako tunaswali Tarawehe. Nimesimama mbele, nasoma, na sikio moja liko nje. Jamani, nawaambia ukweli: nilikuwa nasikiliza kila lori linalopita barabara kuu, nikijiuliza lile ni lori au ni yangu inawashwa. Tulipotoka, tairi la akiba juu ya boneti halipo. Betri haipo. Kioo cha pembeni kimoja kimeng'olewa. Na gari lenyewe limesogea kama hatua kumi kutoka nilipoliacha, maana yake walijaribu kulisukuma, labda mtu akapita wakaacha.

Kulikuwa na kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa ananioshea hiyo gari. Anajua betri inakaa wapi. Usiku ule sikumwona kwenye safu. Nikasema, mbele ya wazee wawili tu, kwa sauti ya chini kabisa: "Fulani leo hakuja." Maneno matatu. Sikusema kaiba. Wala haikuwa lazima niseme. Ustadhi akisema hivyo huku amesimama mbele ya gari lisilo na betri, kila mtu anamalizia mwenyewe.

Kabla ya daku vijana walikuwa wameshafika kwao. Walimtoa ndani. Mnajua nchi yetu neno "mwizi" likipigwa usiku linakwenda wapi, sina haja ya kuwaeleza habari za matairi na petroli. Allah alimnusuru kwa mzee mmoja jirani, Mbena, wala si Mwislamu, aliyetoka na tochi akasimama mlangoni akasema hamgusi mtu hapa mpaka mwenyekiti wa mtaa afike. Kijana alipona akiwa na sikio limevimba na shati limechanika. Usiku ule alikuwa anapakia lumbesa za viazi kwenye lori, apate pesa ya futari ya nyumbani. Dereva na wapakiaji wenzake walithibitisha.

Mama yake alikuja kwangu kabla ya adhana ya Alfajiri. Nilitarajia matusi. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo ustadhi," mwanamke amenizidi umri, mimi ndiye ningepaswa kumwamkia. Akaniuliza swali moja: "Ulimwona?" Nikasema sikumwona. Akasema, "Basi," akaondoka.

Suratul Hujurat, aya ya 12, ninaifundisha kila mwaka. Inakataza kudhaniana sana, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, halafu inakataza kupelelezana na kusengenyana. Watoto wa madrasa wanaihifadhi. Na hadithi ya muflisi katika Sahih Muslim ninaisoma kila Ramadhani: mtu anafika Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amemzulia yule, amempiga huyu, basi mema yake yanagawiwa hao mpaka yanaisha, kisha anabebeshwa makosa yao. Nilikuwa nikiisoma namfikiria mtu mwingine. Nikahesabu siku zangu za kufunga mpaka ile asubuhi, na nikajua zimekwenda kwa nani.

Ijumaa ile nilisema juu ya mimbari kwamba nilimdhania vibaya na sikuwa na ushahidi. Nilikwenda kwao na wazee wale wawili, tukaomba radhi, na gharama za dawa nikalipa. Alinipa mkono. Lakini msikitini kwetu hajarudi mpaka leo, anaswali kwingine. Sina la kumlaumu. Wanaonisoma mnaofahamiana naye, msimsumbue na habari hizi. Namwombea dua tu.

Mnadhani imekwisha? Wiki mbili baadaye jamaa mmoja akanipigia: ana tairi na rimu ya 109, bei nusu ya dukani. Nikaenda mbio. Pesa iko mkononi. Nikaigeuza rimu, nikaona mahali palipokuwa na namba iliyochorwa pamekwaruzwa kwa msasa. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mwingine, aliyetoka mahali akakuta boneti tupu kama nilivyokuta mimi. Nikarudisha pesa mfukoni. Lakini njiani nikakumbuka taa niliyonunua mwaka wa kwanza kwa mtindo huo huo, na kipande cha bodi, na sikuuliza hata swali moja kwa sababu bei ilinifurahisha.

Ndugu aliyeuliza, hapa ndipo jibu lako lilipo hasa. Magari haya yanavutia wezi kwa nini? Spea zake zimekuwa adimu. Defender, mtoto wa ukoo huo huo, kiwanda cha Solihull kiliacha kuitengeneza Januari 2016, na tangu hapo hata huko Uingereza wenyewe wanalia wizi wa milango na boneti. Na ile alumini niliyowaambia: mlango wa Landrover usipopata mnunuzi wa spea, unauzwa kwa kilo kwenye chuma chakavu, unayeyushwa, pengine unarudi kwako ukiwa sufuria. Mwizi hana gereji. Anang'oa kwa sababu kuna mtu kama mimi amesimama na pesa na hataki kuuliza. Suratul Maida, ambayo ndiyo inayotaja adhabu ya mwizi, katika aya yake ya 2 imeshakataza kusaidiana katika dhambi. Tunapenda sana kusoma aya ya 38 na kuiruka ya 2.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Ukijua kitu ni cha wizi, kukinunua ni haramu, hata kiwe bei gani. Ukiwa na shaka yenye nguvu, kama hiyo ya namba iliyokwaruzwa, acha. Ulishanunua na mwenye mali anajulikana, mrudishie. Hajulikani na hapatikani, wanazuoni wamesema thamani yake itolewe sadaka kwa niaba yake, na usijihesabie wewe thawabu za kutoa. Ile taa yangu nimeifanyia hivyo.

Na gari lenyewe nunua, ukiwa na uwezo bila kuwanyima nyumbani. Lakini linunue kiume: kadi ya gari iwe na jina la anayeuza, namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, mpitie polisi waangalie kama halitafutwi, ubadilishe umiliki TRA siku zile zile. Mengi ya magari haya yametoka minada ya serikali na mashirika, karatasi za mnada ziwepo. Kisha lifunge. Yule bwana aliyemuuliza Mtume amwache ngamia wake na kutegemea, au amfunge, aliambiwa amfunge kisha ategemee. Iko kwa Tirmidhi. Kumfunga kwetu sisi ni swichi ya siri ya kukata mafuta, mnyororo kwenye usukani, namba ya gari ichorwe kwenye vioo, taa na rimu, na usiegeshe ukielekeza mteremko kama nilivyofanya mimi. Mkeo msikilize pia. Hajasema usipende gari, amesema ana hofu. Jenga geti kwanza.

Dada mmoja aliuliza kuhusu zaka ya gari. La kutumia halina zaka, hata liwe la thamani. Ukilinunua kwa nia ya kuliweka lipande bei uliuze, hilo ni bidhaa ya biashara. Mwaka wa Kiislamu ukitimia na nisabu imefika, tathmini bei ya sokoni siku hiyo utoe asilimia 2.5. Wanaolihifadhi uani wakisubiri mteja wa Arusha, mmesikia.

Kuanzia leo Makambako, vijana wawili watakaa nje kwa zamu wakati wa Tarawehe, mmoja rakaa za mwanzo, mmoja za mwisho. Tarawehe ni sunna, aliyelinda ataiswali baadaye na hatapungukiwa. Kazi yao ni kukaa, kuwasha tochi na kupiga simu kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Hakuna kupiga mtu, hakuna kupiga kelele za mwizi, hata mkimkuta na betri mkononi. Jumamosi baada ya Adhuhuri fundi wa kuchora namba atakuwepo uwanja wa msikiti, njooni na kadi zenu za gari na za pikipiki pia.

Futari ya leo Njombe iko upande wa kina mama, kuna uji wa ulezi na viazi. Wabillahi tawfiq.