Piga Hodi Kwanza

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, nimeinua simu mbele ya mlango wa kale. Mfaa wake umenakshiwa maua, miimoni umechongwa mnyororo toka chini hadi juu, na misumari ya shaba imepiga weusi kwa umri. Nilikwisha kupiga picha nne niliposikia sauti kutoka ndani: "We mwanangu, mbona hupigi hodi?"

Niliona haya. Nikamwamkia, "Shikamoo, bi mkubwa." Akaitikia marahaba, akanikaribisha. "Kila mtu anaupiga picha mlango," akasema. "Njoo uupige na ukuta wangu."

Ukuta ulikuwa umefura. Miaka kadhaa nyuma fundi aliupiga lipu ya saruji, ukapendeza. Lakini nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na chokaa hupumua: unyevu ukiingia hupata njia ya kutoka. Saruji huufungia humohumo. Ukikosa pa kutokea, huzifikia boriti za mikoko zinazobeba dari, na ncha zilizozama ukutani huanza kuoza, mahali ambapo jicho halifiki. Bibi alinionyesha ncha moja. Niliigusa kwa kidole, ikamomonyoka kama mkate uliolowa chai. Katika simu yangu, nyumba hiyohiyo ilikuwa nzima, inang'aa.

Wiki nzima hilo halijanitoka. Najua nitajibiwa kwamba picha za milango ndizo zinazoleta wageni, na wageni ndio wenye fedha. Wageni wanakuja, ni kweli. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Lakini sidhani kama kuna jengo mjini lililopigwa picha kuishinda Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati ikikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Picha zetu zote zile hazikushikilia jiwe hata moja.

Sisemi tuache kupiga picha, na mimi sitaacha. Nasema tupige na kinachougua. Picha ya ufa yenye tarehe, ikirudiwa mwakani mahali palepale, humwonyesha fundi kama ufa umesimama au unatembea. Nakshi ikiliwa na mchwa, picha iliyopigwa kwa karibu ndiyo itakayomwongoza mchongaji kuirudisha. Kazi hii haingoji mtaalamu. Kijana yeyote wa mtaani mwenye simu anaiweza.

Je, tuna haki ya kupenya hadi vyumbani mwa watu na kamera? Hatuna. Wenye nyumba ndio wanaotukaribisha, na wengi wangefurahi kuulizwa. Bibi yule hakuwa na siri. Alikuwa na ukuta unaomtia hofu kila masika, na kwa miaka yote ya kupigiwa picha mlango wake, anasema, hakuna aliyemuuliza habari za ndani.

Nimezisafisha picha 17: ukuta, ngazi, dari, ncha za boriti, kila moja na tarehe yake nyuma. Jumamosi hii nampelekea, amwonyeshe fundi anayeijua chokaa. Nawe unayekwenda Unguja, Lamu au Bagamoyo, piga hodi, kisha uulize ni wapi panapovuja.