Dua ya Mzazi, Dhamira ya Mwana

Karibu na mwaka 370, katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras na uko kaskazini mashariki mwa Algeria, familia moja ya uwezo wa kawaida ilikuwa inatafuta ada. Kijana wao alikuwa na akili nyingi. Alikuwa amesoma Madauros, mji wa jirani, lakini alipofika miaka 16 fedha zilikatika, akakaa nyumbani mwaka mzima huku baba yake akihangaika kukusanya za kumpeleka Karthago, jiji kubwa kuliko yote katika Afrika ya Kirumi. Watu wa mji walimsifu baba huyo kwa kujikamua kupita uwezo wake. Tajiri mmoja wa pale, Romanianus, akatia mkono. Kijana akaenda.

Mzazi wa Moshi, Kakamega au Pemba aliyewahi kuitisha kikao cha ndugu ili nauli ya mtoto ipatikane ataitambua familia hii mara moja.

Kijana huyo ni Augustino, baadaye askofu wa Hippo, mmoja wa wanafikra walioacha alama kubwa kabisa katika Ukristo. Mama yake ni Monika. Parokiani kisa chao husimuliwa kwa namna moja: mama alilia, mwana akaokoka. Sikukuu ya mama ni tarehe 27 Agosti, ya mwana ni kesho yake, na mahubiri ya siku hizo mbili hupita njia hiyo hiyo kila mwaka. Lakini ukisoma Maungamo, kitabu alichoandika Augustino mwishoni mwa karne ya 4, unakuta kisa kigumu zaidi, tena chenye msaada zaidi kwa mzazi aliyesimama uwanja wa ndege akipunga mkono. Ndani ya kitabu hicho imani ya Monika haikukamilika tangu mwanzo. Ilikosea, ikajifunza, ikabadilika.

Baba alitaka mwanawe apande cheo. Mama naye aliitaka elimu hiyo hiyo, kwa kuwa aliamini kwamba masomo hayatamzuia kijana kumfikia Mungu na huenda yakamsaidia. Alimwita kando akamwonya kuhusu wanawake. Kijana akayaona ni maneno ya kike, akaona aibu kuyafuata. Yaelekea Monika alikuwa na imani mbili zilizoshikana: kwamba Mungu atamlinda mwanawe, na kwamba kulindwa maana yake ni kubaki vile vile alivyolelewa. Wazazi wanaowapeleka watoto Ankara, Kuala Lumpur, Pune, Guangzhou au Toronto wengi wao wanazo imani hizo mbili, na ni nadra kwao kuzitenganisha.

Karthago ilizitenganisha. Baba alifariki kijana akiwa na miaka 17 hivi, na Monika, sasa mjane, akawa ndiye mlipaji wa masomo. Kijana akaishi na mwanamke, akazaa naye mtoto wa kiume, kisha akajiunga na Wamani, wafuasi wa Mani, mhubiri wa Babeli wa karne ya 3 aliyefundisha kwamba wema na uovu ni falme mbili zinazopigana tangu milele. Hakujiunga nao kwa ukaidi tu. Alikuwa na swali la kweli lililomnyima usingizi: ikiwa Mungu ni mwema, uovu umetoka wapi? Wamani waliahidi kumjibu kwa hoja, bila kumwambia aamini tu.

Hapa panahitaji kukaziwa. Nyumbani hudhaniwa kwamba mtoto akipoteza imani ughaibuni ni kwa sababu ya starehe na marafiki wabaya. Wapo wa namna hiyo. Wapo pia wanaoiacha kwa sababu waliuliza swali wakiwa na miaka 14, wakaambiwa kwamba kuuliza hivyo ni kufuru, wakalibeba kimya hadi chuoni, na huko wakakuta watu walio tayari kulizungumza. Mtoto wa aina hii hajaharibiwa na ugeni. Aliondoka nyumbani akiwa na swali lake.

Augustino aliporudi Thagaste kufundisha, Monika alikataa kuishi naye wala kula naye meza moja. Ni adhabu inayoeleweka, na huku kwetu bado ipo. Kisha akaota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao wa kipimo, akilia, na kijana mwenye kung'aa akamwambia atazame: mahali alipo yeye, na mwanawe yupo. Akageuka, akamwona kando yake. Alipomsimulia Augustino, mwana, ambaye kazi yake ilikuwa ufasaha wa hoja, akaigeuza: basi maana yake, mama, ni kwamba wewe utakuwa kama mimi. Monika hakusita hata kidogo. Akamjibu kwamba hakuambiwa kuwa yeye atakuwa alipo mwanawe, bali mwana ndiye atakuwa alipo mama. Augustino anaandika kwamba jibu lile la papo hapo lilimgusa kuliko ndoto yenyewe. Mama akamrudisha mezani. Hakubadilisha msimamo wake hata chembe, lakini alikula naye, na miaka karibu tisa ikapita bila dalili yoyote.

Katika miaka hiyo alimwendea askofu mmoja ambaye mwenyewe alilelewa na Wamani, akamsihi azungumze na mwanawe. Askofu akakataa. Alimwambia kijana bado hafundishiki, amwache, amwombee tu. Kwa kusoma mwenyewe atagundua makosa ya wale watu. Monika akazidi kulia na kusihi, hadi askofu akachoka, akamwambia aende zake, kwani machozi kama yale hayawezi kwenda bure. Wahubiri hukumbuka maneno hayo ya mwisho. Ushauri uliotangulia husahaulika, nao ndio uliomgharimu mama zaidi: kumwacha mtoto aliyekosea aendelee kusoma.

Mwaka 383 Augustino aliamua kuvuka bahari kwenda Roma. Mama akamfuata hadi bandarini Karthago, akamshikilia: arudi naye nyumbani au amchukue. Mwana akamdanganya. Alisema anamsindikiza rafiki anayesubiri upepo, akamshawishi mama alale katika kanisa la Mtakatifu Kipriani lililokuwa karibu na chombo. Usiku merikebu ikang'oa nanga. Asubuhi Monika alibaki ufukweni akiwa kama aliyerukwa na akili.

Swali la imani liko hapa. Mama huyu aliomba usiku kucha mwana asisafiri, na Mungu hakumpa alichoomba. Augustino, akiandika miaka mingi baadaye, anatoa hoja kwamba Mungu aliikataa dua ya usiku ule ili aitimize dua ya siku zote, maana ni safari ile ile iliyomfikisha Milano, kwa askofu Ambrosi, na hatimaye kwenye ubatizo wa Pasaka ya mwaka 387. Ni hoja nzuri. Lakini imeandikwa na mwana aliyerudi. Je, mzazi ambaye wake hajarudi aambiwe nini?

Maandiko yenyewe hayampi mzazi hati ya dhamana. Katika Qurani, mwana wa Nabii Nuhu anaitwa na baba yake apande jahazi, anakataa, anazama. Baba ni nabii, na bado anampoteza mwanawe. Katika Biblia, Samweli aliombewa kwa machozi na mama yake Hana, akapelekwa Shilo angali mdogo kumtumikia Mungu, akawa nabii mkubwa. Wanawe mwenyewe wakawa waamuzi wala rushwa. Hakuna anayethubutu kusema kwamba Nuhu hakusali vya kutosha. Basi kwa nini husemwa hivyo juu ya mama wa Tanga au Kisumu ambaye binti yake, mwaka wa pili Manchester, ameacha kusali?

Karne nne na nusu baada ya Monika, mjane mwingine alikabiliwa na jambo hilo hilo kwa namna nyingine. Alitoka Bukhara, katika Uzbekistan ya leo. Mwanawe mdogo, Muhammad bin Ismail, alifiwa na baba utotoni. Waandishi wa wasifu wake husimulia kwamba alipofuka akiwa mtoto, mama akaomba sana, hadi akamwona Nabii Ibrahimu ndotoni akimpa habari kwamba macho ya mwanawe yamerudishwa. Kijana alipofika miaka 16, mwaka 210 wa Hijra, yaani karibu na 825, mama na wanawe wawili walikwenda Hija. Ibada ilipokwisha, mama akageuza safari kurudi Bukhara na mwana mkubwa. Mdogo akabaki Makka kutafuta elimu. Hata kwa mstari ulionyooka, kati ya miji hiyo miwili ni zaidi ya kilomita 3,000, na siku hizo hapakuwa na posta ya kutegemea. Kijana huyo ndiye Imam Bukhari, ambaye mkusanyo wake wa hadithi hufundishwa hadi leo madrasani kuanzia Lamu hadi Tabora.

Mwana wa Monika alitoroka usiku. Mwana wa mjane wa Bukhara aliachwa mchana kweupe, kwa hiari ya mama. Mwanamke aliyelia hadi macho ya mtoto yakarudi, kisha akakubali yatazame mbali na yeye, alikuwa na imani pana sana.

Katika hadithi mashuhuri, dua ya mzazi kwa mwanawe na dua ya msafiri zimetajwa pamoja miongoni mwa dua zisizorudishwa. Wazazi husikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili inamhusu mtoto: naye, akiwa safarini, anasikilizwa. Na ikiwa mama anaomba hiki na mwana anaomba kile, mama hana haki ya kudhani kwamba mlango wa Mungu unafunguka upande wake tu. Kumwamini Mungu katika jambo hili ni kukubali kwamba Anazungumza na mtoto mambo ambayo mzazi hatayasikia.

Monika alifika huko, ila kwa kuzunguka. Mwaka 385 alivuka bahari kumfuata mwanawe, na ilipokuja dhoruba ni yeye aliyewatuliza mabaharia. Akamkuta Milano akiwa njia panda. Augustino akamwambia ukweli: yeye si Mmani tena, lakini pia bado si Mkatoliki. Monika hakurukaruka kwa furaha wala hakumshambulia kwa ile nusu iliyobaki. Alimjibu kwa utulivu kwamba anaamini ataiona siku hiyo kabla hajafa. Miaka miwili nyuma mwana huyo alilazimika kumdanganya mama ili apate kuondoka. Sasa aliweza kumweleza habari isiyokamilika. Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyosifiwa.

Ugenini mama naye akafundishwa. Kwao Afrika alizoea kupeleka uji, mkate na divai makaburini pa mashahidi. Milano bawabu akamzuia, akasema Ambrosi amepiga marufuku, naye akatii mara moja. Aliona pia kwamba watu wa Milano hawafungi Jumamosi kama ilivyokuwa desturi mahali pengine, akasumbuka, akamtuma Augustino aulize. Ambrosi akajibu kwamba akiwa Roma hufunga, akiwa Milano hafungi. Ufuate desturi ya kanisa la mahali ulipo. Waswahili wangemwambia mama huyo kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako. Mwanamke wa zaidi ya miaka 50, mwenye imani imara kama ile, alitenganisha kiini cha dini yake na mazoea ya kwao.

Hakufaulu katika yote. Huko huko Milano alihangaikia ndoa ya heshima kwa mwanawe, na yule mwanamke aliyeishi naye kwa miaka mingi akarudishwa Afrika peke yake, mtoto wake akabaki. Hapo dua na tamaa ya cheo zilichanganyika, na aliyeumia alikuwa mtu asiye na wa kumsemea. Augustino hakuandika hata jina lake. Machozi ya Monika hayafuti jambo hilo.

Mzazi wa leo ana kitu ambacho wajane hao wawili hawakuwa nacho, nacho ni simu. Kila Ijumaa au Jumapili inalia: umekwenda msikitini? Umekwenda misa? Mtoto anayejua kwamba jibu moja tu linapokelewa hulitoa: ndiyo, mama. Ni uongo ule ule wa bandari ya Karthago, ila sasa unasemwa kila wiki, na pande zote mbili huanza kuuzoea. Imani inayoogopa kusikia hapana haimlindi mtoto. Inamfundisha kujificha, na anayejificha kwa mzazi wake anabaki bila mkubwa wa kumwendea siku mambo yatakapomshinda.

Kwa hiyo waumini wa msikitini na wa jumuiya ndogondogo waache kumuuliza mzazi ambaye mtoto wake ameacha kusali alikosea wapi. Wamwombee, wale naye, wamuulize mtoto anaendeleaje na masomo. Nanyi wazazi ambao mabegi ya watoto yamekwisha kufungwa, wekeni msahafu au rozari kama mlivyokusudia, someni dua, pakeni mafuta. Kisha mwambieni waziwazi, kabla hajapanda ndege, kwamba shaka ikimjia anaweza kupiga simu nyumbani na kuisema, na siku hiyo ikifika msikilizeni hadi amalize.